Maswali ya Wasomaji: Ukifika Mahakama ya Rufani, Karatasi Ndizo Zinazosema

Tuliomba maswali kuhusu mahakama ya juu kabisa nchini, Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Haya ndiyo tuliyoyachagua. Majina ya waulizaji tumeyaacha, na pale ambapo barua ilieleza kesi ambayo bado iko mahakamani tumepunguza maelezo.

Huku kwetu Kenya tuna Mahakama ya Juu iliyo juu ya Mahakama ya Rufani. Ninyi Tanzania mnaishia wapi? Na uchaguzi wa Rais ukibishaniwa nani anaamua? (Msomaji, Mombasa)

Kwetu safari inaishia Mahakama ya Rufani. Ndani ya nchi hakuna ngazi nyingine juu yake. Hadi 1977 rufani za Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa zikienda kwenye mahakama moja ya rufani ya Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika kila nchi ikabaki na mzigo wake, na Tanzania ikaunda mahakama yake mwaka 1979. Ni ya Muungano: inapokea rufani kutoka Mahakama Kuu ya Tanzania na Mahakama Kuu ya Zanzibar pia, isipokuwa tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na mashauri ya Kiislamu yaliyoanzia mahakama za Kadhi. Hayo yanamalizikia Visiwani.

Kuhusu urais, tofauti yetu na ninyi ni kubwa. Kwenu petisheni inafunguliwa ndani ya siku 7 tangu matokeo kutangazwa, na Mahakama ya Juu inaamua ndani ya siku 14 tangu petisheni ifunguliwe. Ndivyo ulivyofutwa uchaguzi wa Agosti 2017, na ndivyo ule wa 2022 ulivyothibitishwa. Katiba yetu, ibara ya 41(7), inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mgombea kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema mwaka 2020 kuwa kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Ubunge ni habari nyingine: kesi inaanza Mahakama Kuu na inaweza kufika Mahakama ya Rufani.

Nimeshindwa kesi ya shamba Mahakama Kuu wiki iliyopita. Wakili mmoja ananiambia niombe kwanza kibali cha kukata rufani, mwingine anasema kibali kilishafutwa. Nianzie wapi? (Mkulima, Kahama)

Wote wawili wana sehemu ya ukweli, ndugu yetu. Kibali cha kukata rufani katika kesi za madai kiliondolewa na sheria iliyoanza kutumika Desemba 2023. Lakini hakikuondoka na mwenzake, cheti cha hoja ya kisheria. Kama shauri lako lilianzia baraza la kata (enzi zile mabaraza yalipokuwa bado yanaamua) au Mahakama ya Mwanzo, kama ilivyo mirathi nyingi, bado unahitaji Mahakama Kuu ithibitishe kwa cheti kwamba kuna hoja ya kisheria inayostahili kuangaliwa na Mahakama ya Rufani. Bila cheti hicho rufani haipo, hata ikiwa na kurasa elfu. Kama kesi ilianzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au Mahakama Kuu yenyewe, huhitaji cheti.

Sasa hesabu siku, na uzihesabu kwa kalenda, siyo kwa kukadiria. Wiki moja imekwisha ondoka.

Ndani ya siku 30 tangu tarehe ya uamuzi unawasilisha taarifa ya kusudio la kukata rufani kwa Msajili wa Mahakama Kuu. Siku zinaanza kuhesabiwa hukumu iliposomwa. Hazingoji upate nakala, na Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Ila siku ya mwisho ikiangukia siku ambayo ofisi imefungwa, unasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Ukishawasilisha, mpelekee mwenzako nakala ndani ya siku 14.

Ndani ya siku hizohizo 30 andika barua kwa Msajili ya kuomba mwenendo wa kesi (kumbukumbu za yaliyosemwa na kufanyika mahakamani), hukumu na hati ya tuzo (hati fupi yenye amri za hukumu), na nakala ya barua hiyo umpe mjibu rufani. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Barua wanaandika, lakini nakala kwa upande wa pili hawapeleki, au wanapeleka bila kusainiwa kuwa imepokelewa. Rufani yenyewe inatakiwa kufunguliwa ndani ya siku 60 tangu taarifa ile iwasilishwe. Kwa kuwa nyaraka huchukua miezi, Kanuni ya 90 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani inaruhusu siku za kusubiri nyaraka zisihesabiwe, na Msajili anazithibitisha kwa cheti. Asiyempa mwenzake nakala ya barua hapati faida hiyo, na cheti chake hakimwokoi. Cheti nacho kikaguliwe tarehe moja baada ya nyingine kabla hujakipokea, maana chenye tarehe zilizokosewa ni sawa na kutokuwa nacho.

Usikae nyumbani ukisubiri simu ya karani. Msajili ana siku 90 za kuandaa nyaraka tangu ulipoziomba. Zikipita kimya, una siku 14 za kwenda kuzifuata mwenyewe. Kanuni imeandikwa hivyo tangu marekebisho ya 2019, na kisingizio cha "sikuitwa" hakina nguvu tena.

Nimeshaweka taarifa ya rufani, lakini dalali wa mahakama ameniletea barua ya siku 14 kuhusu nyumba yangu. Je, rufani haizuii? (Mama wa watoto wanne, Morogoro)

Pole mama. Haizuii. Taarifa ya rufani peke yake haisimamishi ukazaji, yaani utekelezaji, wa hukumu hata kwa siku moja, na madalali wanalijua hilo vizuri kuliko wadaiwa.

Inabidi uombe Mahakama ya Rufani isimamishe utekelezaji, chini ya Kanuni ya 11. Ombi liwe limefika ndani ya siku 14 tangu ulipopewa notisi ya ukazaji au ulipopata habari zake, kwa hiyo hifadhi ushahidi wa tarehe uliyopokea. Ambatisha vitu vinne: taarifa ya rufani, hukumu, hati ya tuzo na hiyo notisi ya ukazaji. Kikikosekana kimoja, ombi linaondolewa. Kwenye hati ya kiapo unaeleza hasara kubwa utakayopata na, hili ndilo linalosahaulika, dhamana unayotoa ili mshindi asiondoke mikono mitupu iwapo rufani itashindwa. Inaweza kuwa dhamana ya benki, hati ya kiwanja kisicho na mgogoro, au ahadi thabiti ya kuileta ndani ya muda utakaopangiwa. Kusema tu "nitateseka na watoto" bila kutaja dhamana hakutoshi, ingawa ni kweli.

Kaka yangu alifungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Rufani ya Mahakama Kuu ameshindwa. Tumempata shahidi aliyekuwa naye usiku ule. Tumpeleke lini Mahakama ya Rufani? (Mdogo wake, Geita)

Kwa hali ya kawaida hamtampeleka. Mahakama ya Rufani haisikii mashahidi upya. Majaji wanakaa na kumbukumbu za kesi: kile hakimu alichoandika, vielelezo vilivyopokelewa na hukumu mbili za chini. Sheria inawaruhusu kuchukua ushahidi wa nyongeza kwa sababu maalumu, lakini hiyo ni kwa rufani ya kwanza, na hata huko ni nadra. Ya kaka yako ni rufani ya pili. Hapo majaji wanashughulika na sheria, na hawagusi uamuzi juu ya ukweli uliokubaliwa na mahakama zote mbili ila pale ushahidi ulipoeleweka vibaya au kupimwa kinyume cha kanuni.

Hata hivyo msikate tamaa mapema, kwa sababu upimaji wa ushahidi una kanuni zake, na kanuni ni sheria. Kesi za unyang'anyi wa usiku mara nyingi zinasimama juu ya utambuzi wa sura. Tangu uamuzi wa Waziri Amani dhidi ya Jamhuri wa mwaka 1980, utambuzi wa aina hiyo hauaminiwi mpaka uwezekano wote wa kufananisha mtu uondolewe. Someni mwenendo na mjiulize: shahidi alisema taa ilikuwa ya aina gani na mwanga wake ulikuwa mkali kiasi gani? Alisimama umbali gani? Alimtazama kwa muda gani? Alikuwa anamfahamu kabla? Alimtaja kwa jina au kueleza sura na mavazi mara ya kwanza alipohojiwa, au siku kadhaa baadaye? "Kulikuwa na taa" siyo jibu. Rufani nyingi zimefaulu kwa sababu hakuna aliyemuuliza shahidi ukali wa mwanga.

Angalieni pia nyaraka. Maelezo ya onyo (aliyoyatoa mtuhumiwa polisi), PF3 (fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari), hati ya ukamataji: kila moja inatakiwa ipokelewe kwanza kama kielelezo, kisha isomwe kwa sauti mahakamani ili mshtakiwa ajue inasema nini. Kanuni hiyo iliwekwa wazi katika Robinson Mwanjisi na wenzake, 2003. Isiposomwa inafutwa kwenye kumbukumbu, na swali linalobaki ni kama ushahidi uliosalia unaweza kusimama wenyewe.

Msidhani kila kosa la mwenendo linamtoa mtu gerezani. Kesi ikibatilishwa, mahakama inaweza kuamuru isikilizwe upya. Kipimo kilichozoeleka ni cha Fatehali Manji, 1966: kesi hairudishwi ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Ushahidi ulio imara lakini uliosikilizwa na mahakama isiyo na mamlaka, kwa mfano, unaweza kumrudisha mtu kizimbani kuanza upya.

Kwa utaratibu: kaka yako anatoa taarifa ya rufani kupitia mkuu wa gereza ndani ya siku 30, na kumbukumbu zinaandaliwa na Msajili, siyo na familia. Akishapewa, ana siku 21 za kuleta sababu zake za rufani. Aziandike zote. Jambo la ukweli ambalo hakulilalamikia Mahakama Kuu halitapokelewa. La kisheria linaweza.

Siku ya kusikilizwa inakuwaje? Majaji wangapi? Wakitofautiana? (Mwanafunzi, Iringa)

Kwa kawaida wanaketi watatu. Katiba inasema akidi ni wasiopungua watatu na uamuzi ni wa wengi. Suala likiwa zito, au maamuzi ya nyuma ya mahakama hiyohiyo yakigongana, Jaji Mkuu huunda jopo pana. Watano walikaa mwaka 2020 kuamua kama kifungu cha makosa yasiyo na dhamana kinapingana na Katiba, wakasema hakipingani na kutengua uamuzi wa Mahakama Kuu. Saba walikaa katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila la mgombea binafsi, 2010. Maombi madogo, kama kuongezewa muda, husikilizwa na jaji mmoja, na asiyeridhika anaweza kuyarudisha mbele ya watatu ndani ya siku 7.

Mahakama inazunguka kwa vikao katika miji kadhaa, Zanzibar ikiwemo, kwa hiyo rufani yako inasubiri kikao cha kanda yako. Katika madai, hoja za maandishi zinawasilishwa mapema: mrufani ndani ya siku 60 tangu kufungua rufani, mjibu ndani ya siku 30 tangu kupokea. Siku yenyewe majaji wameshasoma. Msitarajie hotuba. Kinachoulizwa kwanza ni mamlaka na muda: rufani hii imefika kihalali? Mwenye pingamizi la awali anatakiwa awe ametoa notisi siku 3 kamili kabla. Majaji wenyewe wanaweza kuibua hoja ambayo hakuna aliyeigusa, ila hawawezi kuiamua bila kuwasikia wadaawa, yaani pande za kesi, juu yake.

Pingamizi likipita, mrufani anaanza, mjibu anafuata, mrufani anamalizia kwa kujibu yaliyosemwa tu. Wakili mzoefu anasema "naomba mnitazame ukurasa wa 143 wa kumbukumbu" na kunyamaza waufungue. Asiyejua ukurasa wake anapoteza dakika na imani ya jopo kwa pamoja. Huwezi kutetea sababu ambayo haikuandikwa kwenye hati ya rufani bila ruhusa.

Kisha majaji wanajadiliana faragha, mmoja anapewa kuandika, na hukumu inatoka ikiwa moja, ya mahakama nzima, yenye saini za wote. Maoni ya jaji aliyetofautiana yapo kisheria lakini kwetu ni adimu kuyaona. Wakati mwingine wanatoa uamuzi siku hiyohiyo na kuahidi sababu baadaye.

Mrufani asipotokea, rufani inaweza kutupwa. Ana siku 30 za kuomba irudishwe akiwa na sababu ya kutosha. Aliyewasilisha hoja za maandishi anahesabiwa kuwa amefika.

Rufani yetu imekaa miaka sita kisha "ikaondolewa" kwa kasoro. Ndiyo mwisho? (Wanaukoo, Rombo)

Soma neno la mwisho la uamuzi kwa makini. Ikiwa imetupwa, na siyo kwa kutofika tu, mlango umefungwa. Ikiwa imeondolewa kwa sababu haikufunguliwa sawasawa, haijaamuliwa kabisa na mnaweza kurudi, lakini mnaanza chini kabisa: hata taarifa ya rufani ya awali imekufa pamoja nayo. Mnaomba kwanza Mahakama Kuu iwaongezee muda wa kutoa taarifa mpya. Ikikataa, mna siku 14 za kuomba tena Mahakama ya Rufani.

Katika ombi hilo gawanyeni muda sehemu mbili. Miaka sita mliyokuwa mahakamani na rufani iliyoondolewa ni kuchelewa kwa kiufundi. Tangu uamuzi wa Fortunatus Masha dhidi ya William Shija mahakama hailaumu muda huo kama mlifuatilia kwa bidii. Sehemu ya pili ni siku kati ya kuondolewa kwa rufani na kufungua ombi jipya. Hizo zinaelezwa moja baada ya nyingine: lini mlipata nakala ya uamuzi, lini mlionana na wakili, nani aliugua na cheti cha hospitali kiko wapi. Siku tisa zisizo na maelezo zinatosha kuzamisha miaka sita. Kudai kwamba hukumu ina uharamu ni sababu nyingine inayokubalika, mradi uharamu wenyewe uonekane usoni mwa hukumu bila kuhitaji kuchimbuliwa kwa hoja ndefu.

Zamani rufani iliondolewa kwa kukosa karatasi moja. Tangu sheria ilipobadilishwa 2018 kuitaka mahakama itazame haki kuliko ufundi, na kanuni zikafuata 2019, mrufani aliyesahau waraka anaweza kuleta kumbukumbu za nyongeza: ndani ya siku 14 bila kuomba, au baadaye kwa ruhusa. Ruhusa hiyo ni ya mara moja. Na huruma hiyo haifiki kwenye muda wala mamlaka; rufani iliyochelewa haiponyeki kwa kuongezewa karatasi. Ukaguzi mmoja wa bure tunaoupendekeza: linganisheni tarehe iliyo kwenye tuzo na siku hukumu iliposomwa. Zinatakiwa kuwa moja.

Nyumba yangu imeuzwa kutokana na kesi ambayo mimi sikuwa upande wowote. Nakata rufani vipi? (Mfanyabiashara, Tanga)

Hukati. Rufani ni ya waliokuwa wadaawa. Kwa mtu wa nje njia ni kuomba Mahakama ya Rufani iitishe mwenendo wa Mahakama Kuu na kuukagua, ndani ya siku 60 tangu uamuzi, ukiambatisha mwenendo wote na hukumu, siyo kurasa unazozipenda. Aliyekuwa na haki ya rufani hawezi kukimbilia njia hii kwa sababu tu ameona ni fupi.

Mahakama ya Rufani ikikosea, nani anairekebisha? (Mwalimu mstaafu, Bukoba)

Yenyewe, na kwa sababu tano tu zilizoorodheshwa kwenye Kanuni ya 66: kosa lililo wazi kwenye kumbukumbu lililosababisha haki kupotea, mtu kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, uamuzi kuwa batili, mahakama kukosa mamlaka, au hukumu kupatikana kwa njia haramu, udanganyifu au ushahidi wa uongo. Muda ni siku 60. "Majaji hawakunielewa" haimo. Wanamuziki Nguza Viking na mwanawe Papii Kocha, waliokuwa wamefungwa maisha, walijaribu njia hii baada ya rufani yao ya 2010, wakashindwa 2013. Kilichowatoa ni msamaha wa Rais, Desemba 2017, jambo ambalo halina uhusiano na mahakama.

Mtikila, yule wa kesi ya mgombea binafsi, alikwenda mbele zaidi, Mahakama ya Afrika pale Arusha, akashinda Juni 2013. Hiyo siyo ngazi ya rufani juu ya mahakama zetu. Inaangalia kama serikali imekiuka Mkataba. Lakini kwa mwananchi wa leo mlango huo umefungwa: Tanzania iliondoa mwaka 2019 tamko lililoruhusu watu binafsi kufungua mashauri moja kwa moja, na uondoaji ukaanza kutumika Novemba 2020.

Hukumu hizi tunazipata wapi, na kwa lugha gani? (Wasomaji kadhaa)

Zinawekwa bure kwenye tovuti ya TanzLII. Tafuta kwa majina ya wadaawa au namba ya rufani. Sheria ya 2021 ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, hata hivyo hukumu nyingi za Mahakama ya Rufani bado zinaandikwa kwa Kiingereza, jambo ambalo linamlazimu mfungwa kumtegemea mwenzake wa selo kujua kwa nini ameshindwa. Ukitaka kujizoeza, anza na ile ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Rebeca Gyumi ya Oktoba 2019, iliyokubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu msichana wa chini ya miaka 18 kuolewa vinapingana na Katiba. Usianzie ukurasa wa kwanza. Nenda kwanza kwenye kurasa mbili za mwisho uone amri iliyotolewa, kisha rudi kwenye orodha ya sababu za rufani, ndipo usome hoja moja baada ya nyingine.